Orodha ya Boti ya Alhamisi

Émérence alikuwa anaanua nguo kambani aliposhika blauzi ya Viviane na kuikuta ingali inachuruzika maji. Aliifua Alhamisi. Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, katikati ya kiangazi, na vitenge vilivyoanikwa pembeni yake vilikuwa vimekauka kama majani ya tumbaku. Akaikamua. Maji yakatoka. Akaikamua tena, yakatoka tena, wala hayakuwa na harufu ya sabuni. Yalinuka lile tope la chini ya ziwa ambalo nanga huja nalo.

"Mama Viviane! Mama Viviane, uko?"

Alikuwa Mado, msichana wa kufagia pale kazini kwake, anakimbia na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Boti ya Alhamisi imezama, Mama. Wavuvi wameleta mbao tu. Mbao na magunia. Muntu hata mumoja hawakumuona."

"Alhamisi ziliondoka mbili," Émérence alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto hesabu. "Imezama ipi?"

"Ya kwetu. Ya Papa Urbain. Na Hippolyte, karani wetu, alikuwa ndani."

Viviane alikuwa kifungua mimba wake, miaka kumi na tisa, aliyefuatwa na Claire na Eugène. Alhamisi aliaga nyumbani na kapu moja na godoro lililokunjwa, anakwenda Moba kufundisha darasa la pili. Siku hiyo boti mbili zilikuwa zinakwenda kusini, ya Papa Urbain na ya mfanyabiashara mmoja wa Moba, na Viviane alisema, "Nitapanda yenye kuondoka kwanza, Mama, usijisumbue." Nicolas, kitinda mimba, alikuwa anatetemeka kwa homa, kwa hiyo Émérence hakwenda kazini, na binti yake hakumsindikiza zaidi ya njia panda. Alimwambia avae sweta ziwani. Akarudi kwa mgonjwa wake. Basi.

Ile boti ya pili haikujulikana iliko. Fonia, ile redio ya kuzungumzia ya misioni ya Mpala kule kusini, ilikuwa imekufa tangu Juni, na chombo cha kurudi kutoka kusini kisingefika kabla ya juma kupita. Kwa hiyo palikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kumwambia Émérence kama bado ana mtoto au hana tena: orodha ya abiria ya Papa Urbain. Aliiacha blauzi ikichuruzika, akafunga kitenge, akatoka.

Biro, yaani ofisi, ya Papa Urbain ilikuwa chumba cha mbao juu ya gati la zamani, maji yakipita chini ya sakafu. Émérence alipiga chapa humo miaka kumi na mmoja. Orodha za abiria alizipiga kwa karatasi ya kaboni, nakala tatu: ya nahodha, ya bandari na ya droo. Halafu mwaka uliotangulia Papa Urbain akanunua ordinateri, yaani kompyuta, kwa wazungu wa misaada waliokuwa wanafunga mizigo kuondoka, akamleta Hippolyte, kijana aliyekuwa amejifunza mashine hizo miezi mitatu huko Bujumbura. Hippolyte alisema kaboni ni kazi ya mabibi. Alikuwa anatoa karatasi moja tu, ya nahodha. Nyingine zote, alisema, mashine inazitunza tumboni. Na mashine aliifunga kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake, ili wanawake, kwa maneno yake, wasimchezee kazi.

Karatasi ile moja ilikuwa chini ya ziwa. Neno la siri lilikuwa pamoja nayo.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Wanaume walitazama ziwa. Wanawake waliweka mikono kichwani. Mlangoni alikuwa amekaa Mama Agathe, mwenye kuuza samaki wa ndagala, mzaliwa wa Mpala, ambaye mjukuu wake alikuwa amepanda boti hiyohiyo mbele ya macho yake. Yeye hakuwa na haja ya orodha. Alikuja na unga mweupe umefungwa katika kitambaa.

Ndani, Papa Urbain alikuwa amelowa jasho hadi mkanda wa suruali.

"Inauliza neno tu," alimwambia Émérence. "Nimejaribu jina ya mamake, jina ya kijiji, jina ya timu yake ya mpira. Inakataa. Inalia mara tatu, inasimama. Haitaki kuamka."

"Na wewe umeipiga teke," alisema mtu aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza. Alikuwa Onésime, fundi wa redio na friji wa kule karibu na stesheni. "Naona alama ya kiatu. Papa Urbain, hii si punda."

Onésime akakaa kitini, akapasha vidole joto kama mpiga kinanda wa kanisani, akaandika neno la herufi nne. Kwenye kioo, mahali pa herufi, hutokea nyota, nyota moja kwa herufi moja, ili mtu wa nyuma asisome. Zilitokea nyota sita.

Akafuta. Akabonyeza herufi moja tu, akainua mikono juu. Nyota zikaendelea kujipanga zenyewe, moja, nyingine, nyingine, hadi zikaujaza mstari.

"Kibodi imelowa," alisema, lakini utani ulikuwa umemtoka sautini. Aliipindua, na maji yakamwagika mapajani mwake, kikombe kizima, na harufu ya lile tope ikajaa chumba.

Halafu ndani ya kisanduku cha mashine mtu akakohoa.

Wote walikijua kikohozi kile. Hippolyte alikuwa anakohoa mara mbili, na mara ya tatu alikuwa kama mtu anayemeza kitu. Kilikohoa mara mbili. Mara ya tatu kikameza.

"Yesu Maria," Mado alinong'ona.

"Ni feni," alisema Papa Urbain. "Ni feni ya mashine."

"Feni haikohoe, Urbain," Mama Agathe alisema kutoka mlangoni. "Na huyo si Hippolyte. Ni ule mwenye kumushika Hippolyte. Jini ya maji inakaa na watu wake mahali majina yao iko. Muniache nimwage unga kwanza, mbele hamujafungua."

"Mama, hapa ni biro! Matambiko yako peleka kule ziwani."

"Na chini ya miguu yako ni nini? Ni soko?"

Papa Urbain akamfungia mlango.

Inafaa kusema hapa jambo ambalo kila mtu wa ufukwe ule analijua. Wanaopita kwenye rasi kwa mtumbwi hawaanzi kwa kuomba. Wanamwaga unga mweupe majini kwanza, au ushanga, wanapiga makofi, ndipo wanaeleza shida yao. Jini wa maji ni mfanyabiashara: ukimletea kitu, kile ulicholeta ndicho anachochukua. Ukija mikono mitupu, anachukua kile ulichokitaja. Nyanya yake Émérence hakupita rasi hata siku moja bila unga. Émérence mwenyewe aliujua mwiko huo tangu hajajua kusoma. Lakini pale palikuwa na viti, na kalenda ukutani, na muhuri wa kampuni mezani. Nani anamwaga unga ofisini?

Onésime alifungua skurubu, akavua kifuniko. Ndani palikuwa pakavu kabisa, vumbi tupu, na jambo hilo liliwaogopesha kuliko maji. Akaonyesha kwa bisibisi kitu cha duara kinachong'aa, mfano wa sarafu.

"Neno la siri halikai na orodha," alieleza. "Linakaa hapa, kwa kumbukumbu ndogo inayolishwa na hii betri. Umeme ukatike, yenyewe inakumbuka. Njo maana haisahau. Tukitoa betri, tukiiacha saa nzima bila chakula, itasahau."

"Na orodha?" Émérence aliuliza. "Itasahau pia?"

"Hapana, Mama Viviane. Orodha iko kwa diski, mahali pengine. Itasahau neno, na saa, na tarehe. Hivyo tu."

Akachomoa betri, akaitia mfukoni. Akachomoa na waya wa umeme ukutani, akauviringa, akauweka juu ya kiti ili kila mtu auone. Kisha akatoka kuvuta sigara. Papa Urbain akatoka kutuliza watu, Mado akamfuata. Émérence akasema yeye atabaki kuilinda. Ilikuwa saa sita kamili mchana, jua likipenya katika nyufa za mbao na kuchora mistari sakafuni.

Kwanza alisikia maji chini ya sakafu yakinyamaza. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi juu ya maji yale, hakuwahi kuyasikia yakinyamaza. Halafu joto la chumba likapungua, likapungua tena, hadi nywele za mikono zikamsimama, na ile harufu ikapanda kupitia nyufa, si ya tope peke yake sasa bali ya tope na sabuni na mafuta ya nazi, mafuta ambayo Viviane alijipaka kichwani Alhamisi asubuhi mbele ya kioo kilichovunjika pembe, na kabla Émérence hajaweza kusimama, kabla hajajiambia kwamba waya uko juu ya kiti na betri iko mfukoni mwa Onésime na mashine ile ni bati tupu lisilo na tumbo, kioo kikawaka, kijani, kama macho ya paka chini ya kitanda, na maneno yakaandikwa, herufi baada ya herufi, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

UNATAFUTA NANI

"Mutoto yangu," alisema. Akasema tena.

JINA

Naye akalisema. Alilisema lote, kama lilivyo kwenye kadi ya ubatizo, Kalenga Mwange Viviane, na baada ya kulisema hakuweza kunyamaza, maneno yakamtoka kama maji ya blauzi ile, akasema nakuomba, wewe uliye humo, Hippolyte au si Hippolyte, siombi mabaya juu ya mtoto wa mtu, sitaki mwingine afe mahali pake, nataka tu nikifungua orodha jina lake lisiwe humo, litoe, hata kama liko litoe, lisiwe humo, lisiwe humo.

Chini ya sakafu, mtu akapiga makofi. Mara mbili, polepole, kwa viganja vilivyokunjwa, kama apigavyo mgeni mwenye adabu anapopokea zawadi.

Kioo kikazimika. Maji yakaanza kusikika tena.

Saa ilipotimia Onésime alirudisha betri na waya. Mashine ikalia mara moja, safari hii kwa unyonge, haikuuliza neno lolote. Ikaandika tarehe: mosi Januari 1980.

"Imerudi utotoni," Onésime alisema. "Inafikiri hakuna kitu bado kimetokea." Mashine ilikuwa imesahau hata kwamba ina diski, kwa hiyo Onésime akasoma namba kwenye kibandiko cha diski yenyewe, akaziingiza moja moja, midomo ikicheza. Ndipo ikaamka, ikatoa orodha, na Papa Urbain akafungua dirisha na kuanza kuisoma kwa watu.

Mistari arobaini na mitatu. Kila jina lilipata kilio chake uwanjani. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Émérence alikuwa ameshika ukuta.

"Kumi na saba," Papa Urbain alisema, akakodoa macho. "Kumi na saba hapana jina. Hippolyte aliruka mustari. Kumi na nane, Banza Kitenge..."

Mjukuu wa Mama Agathe alikuwa wa thelathini. Hippolyte mwenyewe alijiandika wa mwisho. Viviane hakuwamo.

Émérence akaachia ukuta. Akakaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, kanga ya kichwani ikimwangukia usoni. "Hakupanda! Mado, mutoto yangu hakupanda! Alipanda ile ingine!"

Mado alimkumbatia. "Tumushukuru Mungu, Mama," alisema. Kisha akamtazama. "Mutoto gani? Claire si yuko nyumbani?"

"Viviane, Mado. Viviane."

"Pole, Mama Claire," Mado alisema kwa huruma, kama mtu anavyosema na mwenye homa. "Umechoka. Sisi wote tumechoka."

Émérence akatoka nje. Mama Agathe alikuwa amekaa palepale, machozi yakiteremka bila sauti, unga bado mkononi.

"Ulibaki ndani peke yako," alisema. "Ulimuomba nini?"

"Jina lake lisiwe humo."

"Na mukononi ulikuwa na nini?"

Émérence alivitazama viganja vyake vitupu.

"Basi ulimupa jina lenyewe, mwanangu," Mama Agathe alisema. Hakusema kwa ukali. "Mimi wa kwangu nitamulia. Mwili hauko, tutazika mugomba mahali pake, watu watakaa matanga, tutamutaja. Lakini wewe wa kwako..." Akasita. Akakunja uso, akatazama unga kama aliyeukuta hapo. "Tulikuwa tunasema juu ya nani?"

Émérence alikimbia. Alipita sokoni, na mwenye kuuza mafuta ya ngazi, yale ya mawese, aliyemwita Mama Viviane kwa miaka kumi na tisa, akamwita, "Mama Claire, leo haununue?" Akazidi kukimbia. Alipofika njia panda alisimama, akajilazimisha kuona: hapa ndipo nilipomwambia avae sweta. Aliiona sweta. Rangi yake hakuiona.

Papa Kalenga, mume wake, alikuwa uani anaziba tairi ya baiskeli.

"Viviane amezama, baba," Émérence alisema. Sasa alijua jina lilikuwa kwenye ule mstari mtupu wa kumi na saba, kwa kuwa hakuna anayelipwa kwa kitu kisichokuwamo.

"Pole. Viviane wa nani?"

"Wa kwetu! Mutoto wetu wa kwanza!"

Kalenga akaweka tairi chini. Alikuwa mwanamume mpole, akamshika mkono. "Wa kwanza njo Claire. Keti, nikuletee maji."

Akauchomoa mkono wake, akaingia ndani, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda na kutoa kadi za ubatizo. Claire. Eugène. Nicolas. Na ya nne, kuukuu kuliko zote, yenye muhuri wa parokia, sahihi ya padri, jina la baba, jina la mama, majina ya wasimamizi. Mstari wa mtoto ulikuwa mtupu. Haukuwa umefutwa. Karatasi ilikuwa safi kama ambayo kalamu haijawahi kuigusa.

Hapo akaelewa kwamba mahali pamoja tu palikuwa pamebaki, napo ni kinywani mwake. Akaanza kulitaja. Viviane. Hakuwa mwanamke wa kulia huku kazi imelala. Jioni ilikuwa inaingia na watoto hawajala. Akawasha mbabula, jiko lake la makaa. Viviane. Akateka maji. Viviane. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mapigo ya jina hilo, akapepeta unga wa muhogo akilitaja, akateleka sufuria akilitaja, midomo ikicheza bila sauti, na Claire na Eugène wakamtazama kutoka mlangoni wakidhani mama yao anasali rozari. Kila alipolitaja lilikuwa jepesi zaidi. Mara ya kwanza lilikuja na uso. Baadaye lilikuja na nywele tu, na harufu ya mafuta ya nazi. Baadaye lilikuja peke yake, sauti tupu, kama jina la mji ambao mtu hajafika. Lakini alilishika. Alisonga ugali wa bukari kwa mikono miwili, jasho likimwingia machoni, akasema moyoni: usiku kucha nitalitaja, kesho nitamlipa mtu alichonge kwenye msalaba, nitamzika mtoto wangu na jina lake.

Nicolas, ambaye homa ilikuwa imemtoka na njaa imemrudia, alikuja kuchungulia sufuria. Mguu wake ukagonga mbabula. Makaa yakamwagika kuelekea nyayo zake.

"Nicolas!" mama yake akapiga kelele, akamnyakua kwa mkono mmoja, akamwinua juu, akamgeuza, akamkagua miguu, kushoto, kulia, kila kidole. Hakuungua. Akamkumbatia hadi mtoto akalalamika. Kisha akamweka chini, akayakusanya makaa, akashika mwiko, akafungua kinywa kuendelea.

Hapakuwa na kitu.

Akasimama na mwiko mkononi. Alijua alikuwa anasema neno fulani. Mdomo wa chini ulikuwa bado umekaa tayari kulisema, umegusa meno.

"Mama, imeiva?" Eugène aliuliza.

"Imeiva."

Akapakua. Bukari katikati, sombe pembeni, samaki wawili wa mikebuka wa kugawana. Claire akaleta maji ya kunawa, akampitishia baba yake, halafu wadogo zake, halafu akafika kwa mama yake na kusimama na bakuli.

"Mama, unalia nini?"

Émérence akagusa shavu, akashangaa kulikuta limelowa. Akatafuta jibu kwa bidii, kama anayetafuta ufunguo ambao saa ileile alikuwa nao mkononi. Kifua kilimwuma mahali pasipo na jeraha.

"Sijui," alisema. "Muketi. Chakula kinapoa."

Wakaketi. Papa Kalenga akaomba baraka kwa kifupi. Kabla hajamega tonge lake, Émérence aliwapitisha machoni mmoja mmoja, kama alivyofanya kila jioni tangu alipoanza kuzaa: Kalenga, Claire, Eugène, Nicolas. Akahesabu mara ya pili, kwa kuwa siku ilikuwa mbaya na watu wengi mjini walikuwa wamepoteza watu.

Wote walikuwapo.